Kiu ya Muthoki

Kufuli lilitundikwa kwenye pipa la maji Jumanne asubuhi, na kila mtu katika boma lile alijua kwamba limetundikwa kwa ajili ya Muthoki. Nzisa, nyanya yake, ndiye aliyelifunga. Alitoboa kifuniko na ukingo wa pipa kwa msumari wa moto, akapitisha waya mnene matunduni, akabana kufuli, kisha akaufunga ufunguo kwenye pindo la leso yake. Hakuifanya kazi hiyo kwa hasira. Aliifanya kama mtu anayeziba ufa wa ghala kabla panya hawajauona.

"Vikombe vitatu kwa siku," alisema. "Cha asubuhi, cha mchana, cha jioni. Mkubwa vitatu, mdogo vitatu. Hata mimi vitatu."

"Susu, mimi bado nasikia kiu," Muthoki alimwambia nyanya yake.

"Nani hasikii kiu hapa? Hata punda anasikia kiu, na ndiye anayebeba."

Mvua za misimu miwili zilikuwa zimekosa. Mto wa chini ya kijiji ulibaki mchanga mtupu, na wanawake waliochimba maji humo walilazimika kushuka zaidi kila juma. Sasa aliyekuwa ndani ya kisima hakuonekana hata kitambaa cha kichwa. Punda wa nyumba ile alileta mitungi minne kila baada ya siku mbili. Mitungi hiyo ilikuwa ya watu wanne, mbuzi saba na kuku. Hakuna mwanamke aliyejua kuyafikisha maji mbali kama Nzisa. Yaliyoosha mboga yaliosha sufuria, yaliyoosha sufuria yakanyweshwa mbuzi. "Maji ya Nzisa hayaishi," watu walisema, na sifa hiyo aliithamini kuliko mbuzi wenyewe.

Sasa maji ya Nzisa yalikuwa yanaisha, na mwizi alikuwa mjukuu wake wa miaka tisa. Ndivyo ilivyoonekana. Kwa muda wa majuma matatu Muthoki alikuwa amekamatwa akinywa kwenye mtungi, kwenye sufuria iliyolowekewa maharagwe, na mara moja, jambo lililomwaibisha mama yake kuliko yote, akiwa amepiga magoti mbele ya kopo la kuku.

"Wewe ni mtu ama ni bata?" mama yake, Ndunge, alimwuliza siku hiyo, akimwinua kwa mkono mmoja. Aliushangaa wepesi wake. Lakini mwaka huo kila mtoto alikuwa mwepesi, na mshangao wake ukapita.

 

Aibu ya pili ilikuwa blanketi. Msichana aliyeacha kukojoa kitandani akiwa na miaka mitatu alianza upya, na si kidogo. Nzisa aliamuru alibebe mwenyewe hadi kwenye ua wa miiba kando ya njia, alianike pale ambapo wanaokwenda mtoni wangeliona. Ndivyo watoto wa nyumba ile walivyofunzwa, na baba yao Kivuva, aliyekuwa akijenga nyumba za watu huko Kathonzweni, alifunzwa vivyo hivyo.

Shuleni mambo hayakuwa bora. Muthoki aliomba ruhusa ya kutoka mara nne kabla ya saa nne asubuhi. Wenzake walimpa jina la Bomba. Alipoinua mkono, darasa zima lilinguruma kwa sauti ya maji yanayomwagika, hata mwalimu akatabasamu kabla hajajizuia.

"Mama, sitaki kwenda shule."

"Kwa sababu ya kuitwa Bomba? Mimi niliitwa Kijiti mpaka nikaolewa."

"Miguu yangu imechoka."

"Miguu ya miaka tisa inachokea wapi?"

Nyuma ya ghala, mahali watoto walipozoea kukojoa kabla ya kulala, mdogo wake Mbithi alichuchumaa asubuhi moja akawaita wakubwa waje waone. Sisimizi walikuwa wamefanya mstari mweusi kutoka kwenye kichuguu chao hadi kwenye doa moja la mchanga, na doa lenyewe lilijaa wao, likichemka.

"Wanakunywa mkojo wa Muthoki!" Mbithi alipiga kelele kwa furaha. "Wangu hawautaki!"

Nzisa aliegemea fimbo yake akawatazama wadudu wale kwa makini. Alikuwa ameona ukame mwingi na alijua kusoma alama zake: majani ambayo mbuzi hula mwisho, ndege wanaohama kwanza.

"Hata sisimizi wana kiu," alisema. "Mwaka huu utakuwa mbaya." Akarudi jikoni. Katika maisha yake marefu, macho yake hayakuwahi kuona sawasawa kiasi kile na kukosea kiasi kile.

 

Siku ya soko Ndunge alipeleka vyondo vinne, vikapu alivyosuka mwenyewe, huko Zombe, kwenye duka la Mwanahamisi, mama wa makamo ambaye wazazi wake walitoka pwani zamani na ambaye alivinunua vyondo ili mwanawe aviuze Mombasa. Alimchukua Muthoki, kwa kuwa kumwacha nyumbani kungekuwa kumwacha na pipa. Walisimama njiani mara tano. Walipofika, mtoto aliketi sakafuni bila kukaribishwa.

"Shikamoo, mama. Naomba maji," alisema.

Mwanahamisi alimpa jagi na bilauri. Muthoki hakuigusa bilauri. Alilinyanyua jagi kwa mikono miwili, akanywa bila kupumua, maji yakimshuka shingoni, akalirudisha likiwa tupu. Wanawake watatu waliokuwa wakinunua unga waligeuka wakatazama. Ndunge alitamani ardhi impokee.

"Msamehe," alisema. "Siku hizi amekosa adabu."

Mwanahamisi aliinama, akamshika mtoto kidevu, akakaribia kinywa chake kama mtu anayekagua samli kabla ya kuinunua.

"Ndunge mwanangu, mtoto huyu ananukia nini?"

"Ananuka? Alioga juzi."

"Sikusema ananuka. Ananukia, kama papai lililoiva kupita kiasi. Marehemu mama mkwe alikuwa hivi siku alipozidiwa. Anakojoa sana?"

"Ah, mama. Mambo ya nyumbani hayo."

"Basi mpeleke akapimwe sukari. Usingoje."

Ndila, jirani ya Ndunge ambaye ulimi wake ulijulikana hadi Nuu, alipiga makofi. "Sukari? Aiya! Kwa Nzisa sukari huonyeshwa chai kwa mbali, halafu inarudishwa kabatini! Huyo mtoto aliipata wapi?"

Duka zima lilicheka. Ugonjwa wa sukari ulikuwa ugonjwa wa machifu, wa watu wenye shingo nene na magari. Ndunge alimtazama binti yake, mifupa ya mabega imesimama chini ya gauni, na kwa kuwa wengine walikuwa wakicheka, na kwa kuwa kicheko kilikuwa njia pekee ya kutoka katika aibu ile, alicheka pia.

"Hata mimi ningependa kuugua huo," alisema. "Angalau ningejua tumekula."

Mwanahamisi peke yake hakucheka. Alihesabu pesa za vyondo na kumpa. "Nimesema," alisema polepole. "Kucheka ni kwenu."

Njiani Ndunge alikusudia kumweleza mama mkwe wake. Lakini angeanzaje? Kwamba mtoto alimaliza jagi la watu? Kwamba Mwislamu alimnusa mjukuu wa Nzisa mbele ya watu kama mbuzi wa mnada? Alinyamaza siku hiyo, na kesho yake ikawa rahisi zaidi kunyamaza.

 

Siku ya tisa baada ya soko, Muthoki hakuamka kunywa kikombe chake cha asubuhi. Nzisa alimpelekea kitandani. Alimkuta ameelekea ukutani, na alipomgeuza, uso aliouona ulikuwa wa mtu mzima mwenye kujua jambo.

"Susu," mtoto alisema, "mimi siibi. Maji yananipita tu."

Yule mama mzee alikiweka kikombe chini. Kisha akafanya jambo ambalo halikuwahi kuonekana katika nyumba ile. Aliufungua ufunguo kutoka kwenye pindo la leso, akaenda kwenye pipa, akaliondoa kufuli, akaujaza mtungi mdogo mpaka ukafurika, akauweka kando ya kitanda.

"Kunywa, mwana wakwa. Kunywa mpaka utosheke."

Baadaye, bila kumwambia mtu, alimkamata kuku wake wa mayai, yule mwekundu ambaye Ndunge alikuwa amekatazwa hata kumfukuza jikoni, akamfunga miguu, akatembea naye hadi sokoni. Alimuuza kwa bei ya aibu, kwa sababu wakati wa ukame kila mtu huuza na hakuna anayenunua. Pesa zote alizitumia dukani kununua kitu kimoja: kopo la glukosi. Ndicho alichopewa yeye alipomzaa Kivuva na kupoteza damu. Ndicho watu walichowapelekea wagonjwa wao hospitalini wakiwa na uwezo. Aliamini kwa moyo wote kwamba mtoto amedhoofika, na aliyedhoofika hutiwa nguvu.

"Mwaitu, kuku yuko wapi?" Ndunge alimwuliza mama mkwe wake alipoliona kopo.

"Kuku ni kuku."

Ndunge alilishika kopo, akaligeuza. Palikuwa na picha ya mtoto anayekimbia. Neno la Mwanahamisi lilimjia hadi kwenye ulimi, likasimama hapo. Alimwona mama mkwe akichota vijiko vinne vilivyojaa, akikoroga, akionja kwa ncha ya kidole, akiongeza cha tano. Hakuwahi kuuona uso ule ukiwa mpole hivyo. Angeuharibu kwa maneno ya dukani?

"Ni tamu," Muthoki alisema, na akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Susu, ni tamu sana. Mpe Mbithi kidogo."

"Mbithi ana nguvu. Hii ni yako."

Alipewa siku hiyo, na kesho yake asubuhi, na mchana. Kila alipokunywa aliomba tena, na kila alipoomba, nyanya yake alishukuru Mungu kwamba mtoto ana hamu.

 

Jioni ya siku ya pili alianza kutapika, na kabla ya jua kutua alikuwa akihema kwa kina, kifua kizima kikipanda na kushuka, kama aliyetoka kukimbia. Ndunge alimwita mara kumi. Macho yalifunguka, hayakumwona.

Mbaluka, kijana wa bodaboda, aliwabeba wote watatu, mtoto akiwa katikati amefungwa kwa leso kwenye mgongo wa mama yake. Kwenye zahanati, muuguzi aliyeitwa Kanini alikuwa akifunga mlango. Alipousikia upumuaji ule aliufungua tena. Alimchoma mtoto kidoleni, akatia tone la damu kwenye kifaa kidogo, akakitazama, akafuta kidole, akapima upya.

"Mashine haitoi namba," alisema. "Sukari imepita mahali inapoweza kuhesabu. Mtoto huyu amekuwa akinywa maji sana?"

Ndunge alimfunika mtoto miguu kwa leso.

"Anakojoa sana? Amekonda? Sisimizi wanafuata mkojo wake?"

Alipotaja sisimizi, Nzisa aliketi kwenye benchi.

"Mmempa nini leo?"

"Glukosi," Nzisa alisema. Kisha, kwa kuwa hakuwa mwongo, akaongeza: "Vijiko vitano. Kila mara vitano."

Muuguzi alimwangalia, akaanza kutafuta mshipa wa kutundikia maji. Alipiga simu huku akiutafuta. Gari la wagonjwa lilifika baada ya saa mbili.

 

Katika hospitali kubwa mjini Kitui walifanya yote yaliyoweza kufanywa. Mtoto alitundikiwa maji, yale aliyoyatafuta kwa mwezi mzima, yakimwingia sasa tone kwa tone bila yeye kuyaonja, alipewa insulini, alilindwa. Saa nne ya asubuhi ya pili, wakati mwanamke wa usafi alipokuwa akiomba wagonjwa wainue viatu ili apige deki, Muthoki alivuta pumzi moja ndefu, na iliyotarajiwa kuifuata haikuja.

Daktari alikuwa kijana, na aliwaketisha katika chumba kilichokuwa na viti viwili tu. Yeye alisimama.

"Hakuugua kwa sababu ya kula sukari," aliwaeleza. "Watoto hupata ugonjwa huu hata kama hawajawahi kuionja. Mwili unaacha kutengeneza insulini, ndiyo dawa tunayowachoma. Bila hiyo sukari inajaa kwenye damu, na mwili unaitoa kwa mkojo. Ndiyo maana anakunywa. Anakunywa kwa sababu anakauka."

"Ile glukosi," Nzisa aliuliza. "Ndiyo iliyomuua?"

"Iliongeza mzigo, nyanya. Lakini alikuwa amezidiwa tayari. Hata bila glukosi angefika hapa akiwa mahututi."

"Na tungemleta wiki moja mapema?" Ndunge aliuliza, akitazama sakafu. "Siku tisa, tuseme. Siku kumi."

"Angechomwa sindano kila siku maisha yake yote. Dawa ingewekwa kwenye chungu chenye mchanga uliolowa, isiharibiwe na joto. Angerudi shule."

Ndunge aliitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali bei.

"Mna mtoto mwingine?"

"Mvulana. Miaka minne."

"Si lazima augue. Wengi hawaugui. Lakini dalili mnazijua sasa. Mkiziona, msingoje hata siku moja."

 

Walimzika Jumamosi, karibu na ghala. Kivuva alifika kutoka Kathonzweni akiwa na simenti kwenye kucha, na jeneza alilolipigilia misumari mwenyewe kwa mbao za kazini. Mchungaji Mutisya alihubiri kwamba Bwana huchuma maua yake apendapo, na watu wakasema amina. Ndila alilia kwa sauti kuliko wote.

Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye neno la mwisho, Nzisa alisimama.

"Bwana hakuchuma kitu," alisema. "Mimi nilimfungia mtoto maji."

"Mwaitu, kaa chini," Kivuva alisema kwa sauti ya chini.

"Nitakaa. Nina siku nyingi za kukaa." Aliufungua ufunguo, aliokuwa ameufunga tena kwenye pindo la leso, akauinua watu wauone. "Alikuwa akikauka, nikamwita mwizi. Alikojoa kitandani, nikamfanya atembeze blanketi. Nilimwona anakonda, nikasema ni njaa. Sisimizi walikuja kuniambia, nikasema ni kiangazi. Halafu nilipomhurumia nikamnywesha sukari. Mnasikia? Ukatili wangu na huruma yangu, vyote vilimpiga pamoja. Mwenye mtoto anayekunywa kuliko wenzake, anayekojoa kuliko wenzake, anayekonda, asiniige. Ampeleke akachomwe kidole. Na asiseme nyumba yetu haina sukari. Yangu haikuwa nayo."

Upepo ulipeperusha vumbi la kaburi. Hakuna aliyesema amina. Ndila alikuwa ameweka kitambaa kwenye kinywa, na macho yake yalimtafuta Ndunge kati ya waombolezaji, yakamwona, yakakwepa upesi.

Ndunge alisimama kando ya mume wake. Lilikuwa jambo la hatua tatu tu, kwenda kusimama karibu na yule mama mzee na kusema: nami niliambiwa. Miguu yake haikuzipiga. Alimwacha aubebe mzigo wote mbele ya kijiji, na watu wakatawanyika wakiwa na hakika wanamjua aliyekosa.

 

Siku ya nne baada ya maziko, Kivuva alirudi kazini. Alasiri hiyo wanawake wawili waliketi nje ya jiko, mmoja akichambua mtama, mwingine akisuka chondo alichokuwa amekianza kabla ya msiba. Pipa lilikuwa wazi. Kufuli lilikuwa limetupwa, na kwa kuwa hakuna aliyepima tena, maji yalikuwa yamefika chini kabla ya siku ya punda.

"Mwaitu," Ndunge alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake. "Mwanahamisi aliniambia."

"Alikuambia nini?"

"Kwamba apimwe sukari. Dukani, siku niliyouza vyondo vinne. Alimnusa mdomo, akajua. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka."

Vidole vya Nzisa vilisimama ndani ya ungo. "Siku hiyo ilikuwa kabla ya kuku."

"Ilikuwa kabla ya kuku."

"Uliniona nikikoroga."

"Nilikuona."

Yule mama mzee alitazama ghala, na tuta la udongo mpya pembeni yake, lililozungushiwa miiba ili mbuzi wasilikanyage. Ndunge alingoja kofi, au laana, au kufukuzwa. Angeshukuru kupata chochote kati ya hivyo. Nzisa aliinama tena, akaendelea kuchambua, punje moja moja, mawe upande huu, mtama upande ule, lakini vilichanganyika, akalazimika kuanza upya.

Mbithi alitokea nyuma ya nyumba, miguu imejaa vumbi, jasho kwenye paji la uso. Alikuwa akicheza tangu mchana.

"Susu, maji."

Mkono wa Nzisa ulikwenda kwenye pindo la leso kwa mazoea, ukakuta hakuna kitu. Wote wawili waliinuka kwa wakati mmoja. Mmoja alileta kikombe, mwingine akainamisha pipa ili maji yachoteke. Mtoto alikipokea kwa mikono miwili na kunywa. Koo lake dogo lilipanda na kushuka. Alikimaliza, akajifuta mdomo kwa kiganja, akakishikilia kikombe kitupu akikitazama ndani.

Wanawake wale walisimama mbele yake, bega kwa bega, hawakupumua, wakingoja kuona kama ataomba kingine.